Tarumbeta la Mzee wa Bendi

Siku ile tulikuwa watu sita. Alikuwepo Kabula, mdogo wangu, muuguzi, ambaye chumba kilikuwa chake, chumba cha kupanga pale Kalangalala mjini Geita. Alikuwepo Mama Shija, mwenye nyumba, aliyekuja kuchungulia tu na akaishia kukaa. Alikuwepo Salumu, mpiga picha wa mtaa wa pili, na simu yake kubwa. Alikuwepo Mwalimu Elia, anayefundisha matarumbeta kanisani, na ndiye aliyeleta tarumbeta lenyewe ndani ya mfuko wa kitambaa. Nilikuwepo mimi. Na alikuwepo Mzee wa Bendi, amekaa kitandani kwa Kabula kwa kuwa viti vilikuwa viwili tu, magoti ameyabana, picha ya zamani ameishika kwa ncha za vidole kana kwamba bado ina maji.

Masanja hakuwepo. Picha ilikuwa yake. Aliitoa ukutani kwake Runzewe, akaizungushia gazeti, akamkabidhi kondakta wa basi bila barua wala salamu. Mle chumbani kila mtu alijua kwa nini Masanja hawezi kukaa chumba kimoja na Mzee wa Bendi. Walijua habari kama inavyosimuliwa: kwamba Masanja, mpiga ngoma wa bendi, rafiki wa ujana na uzee, ndiye aliyemwibia mwenzake tarumbeta. Kati yetu sita ni mimi tu niliyejua kwamba siyo yeye. Aliyeiba ni mimi.

Nataka kuandika habari za Mzee wa Bendi, siyo zangu. Nitajitahidi. Lakini kuna mahali siwezi kumfikia mpaka nipite kwangu kwanza.

Alizaliwa wapi na ukoo wake upi, sijui vizuri, na mwenyewe hakupenda kuulizwa. Alikuwa akijibu, "Mimi nilianza siku niliyolipwa kwa kupuliza." Kijijini kwetu, upande wa Shinyanga, alihamia akiwa amekwisha kustaafu. Bendi yake, mojawapo ya zile bendi za jazi zilizokuwa kila mji, ilikuwa imekufa zamani. Vyombo vilikuwa vimegawanywa, na yeye alipata alichokuwa nacho mkononi. Masanja hakupata kitu, kwa sababu ngoma zilichukuliwa na mwenye ukumbi. Wakahamia pamoja, wakajenga nyumba mbili zinazotazamana, hatua kama ishirini, wote wawili wamefiwa na wake zao.

Kitu cha kwanza watu walichokijua kwake ni suruali. Hakutoka nje na suruali isiyopigwa pasi, hata akienda kuteka maji. Unamwona asubuhi anapuliza mkaa kwenye pasi, anasubiri, ananyoosha, anavaa, halafu ndiyo anabeba ndoo. Akina mama kisimani walimsubiri kwa hamu.

"Mzee wa Bendi, leo mnapiga wapi?"

"Leo tunapiga hapahapa kisimani, mama. Kiingilio ni kunipisha kwenye foleni."

Na walimpisha.

Alikuwa Msukuma anayeogopa ng'ombe. Sijapata kuona mwingine. Jioni mifugo ikirudi, yeye anapanda kwenye baraza lake na kusimama ukutani mpaka wa mwisho apite. Vijana walipitisha ng'ombe kwake makusudi. Masanja, akiwa upande wa pili, alikuwa akiwaelekeza: "Mleteni huyo mwenye pembe ndefu, anataka kumsalimia!" Mzee wa Bendi alijitetea kwamba yeye hamwogopi ng'ombe, ila ng'ombe hajui kupisha mtu, na mtu aliyezoea jukwaa anazoea kupishwa.

Kwa miaka mingi alipiga muziki kwenye kumbi za pombe, na hakuonja pombe. Alikunywa chai. Sukari aliifungia kwenye kopo lenye kufuli, na ukimtembelea alikupimia kijiko kimoja, akakisawazisha kwa kisu. Ukimwangalia hapo utamwita bahili, na utakuwa umesema kweli. Lakini mama alipofariki, nikiwa na miaka kumi na mitatu, baba akiwa ametangulia, nilikuwa nimesimama nyuma ya nyumba bila viatu wakati watu wanajiandaa kwenda kaburini. Akaja. Akavua viatu vyake, vile vyeusi vya jukwaani. Akachana kipande cha gazeti, akakikunja na kukisokomeza mbele ili vinitoshe. Yeye akaenda mazikoni pekupeku, suruali imenyooka, vidole vya miguu vimejaa vumbi. Viatu hakuvirudisha.

Alikuwa akisema kila mara kwamba hapigi msibani, kwa sababu watu wanaolia hawasikilizi. Siku hiyo, udongo ulipoanza kurushwa, tukasikia tarumbeta kutoka ng'ambo ya shamba la pamba. Aliondoka lini kati yetu, hakuna aliyeona. Alipiga polepole, chini kabisa, mpaka kaburi likajaa. Kesho yake aliniambia, "Usimwambie mtu nimepiga bure. Watanizoea."

Wiki hiyo niliacha shule. Nilikuwa darasa la sita. Nilikuwa na Kabula, na wadogo zetu mapacha, Kulwa na Doto, ambao walikuwa hawajajua hata kuoga wenyewe. Ndugu wa baba walitaka kutugawana nyumba hii na ile. Nikakataa. Mzee wa Bendi na Masanja walikuja kikaoni, wakakaa nyuma yangu, hawakusema kitu. Watu wazima wawili kukaa nyuma ya mtoto kulitosha.

Tangu hapo kila Jumamosi nilikwenda kwake kung'arisha tarumbeta. Hiyo ilikuwa kazi yangu, na malipo yake yalikuwa mahindi, au dagaa, au chumvi. Tulitumia limau na majivu yaliyochekechwa, na kipande cha fulana kuukuu. Yeye alikaa kwenye kigoda akinisimamia. Tarumbeta kwake lilikuwa mtu. "Huyo msugue mgongoni. Taratibu huko shingoni, ni mzee huyo, ananizidi mimi." Alinifundisha kulipuliza kidogo, lakini sikuwa na kipaji na hakunificha. Alichonifundisha kikakaa ni pumzi. Aliniambia, "Ukiona kilio kinakuja, vuta hewa kwanza, ndefu, mpaka tumboni. Mwili hauwezi kufanya yote mawili pamoja." Niliwafundisha mapacha. Kulikuwa na siku sisi wanne tulikuwa tunavuta hewa tu.

Hakujua kusoma noti hata moja, lakini aliisahihisha redio. Wimbo ukipigwa, yeye anakunja uso: "Huyo kachelewa. Umemsikia? Kachelewa kuingia." Na alikuwa mwongo wa mambo ya bendi. Alisimulia kwamba kiongozi wa bendi moja kubwa ya Pwani alimfuata mpaka Shinyanga, akampigia magoti ahamie kwake.

Masanja alikuwa akidakia kutoka kwenye baraza lake: "Ngosha, mwanamume wewe, mwambie mtoto ukweli. Yule bwana alikuja kukuomba nauli ya kurudi kwao."

"Alikuja kwa ajili yangu."

"Alikuja kwa ajili ya nauli. Na ukamnyima!"

"Nilimnyima kwa sababu nilikuwa nimeshamkatalia kazi. Huwezi kumpa mtu nauli umemkatalia kazi, atakuona una majivuno."

Wakicheka, walicheka kwa muda mrefu, mmoja huku, mmoja kule, na sisi watoto tukicheka kwa sababu wao wanacheka. Katika hadithi zake zote hakuwahi kusema "nilipiga". Alisema "tulipiga".

Kabula alikuwa na miaka kumi na minne alipofaulu kwenda sekondari. Jina lake lilibandikwa ofisini kwa mtendaji. Alitakiwa kwenda na godoro, sanduku la bati, sare mbili, viatu, madaftari, na vitu vingine ambavyo nilivisoma kwenye ile karatasi mpaka nikavijua kwa kichwa. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa nimelima vibarua vya watu msimu mzima na mvua haikunyesha vizuri. Kabula alianza kuniambia kwamba hata hivyo shule ya bweni haipendi. Alikuwa hajui kudanganya.

Mzee wa Bendi akaitwa msibani Kahama. Ufunguo wa nyumba alimwachia Masanja. Masanja naye alikuwa anapalilia shamba la mbali, basi asubuhi ile akaniita. "Chukua ufunguo, kuku wa mwenzangu wasife njaa. Jioni niletee." Nikaingia kuwapa kuku pumba. Tarumbeta lilikuwa kwenye boksi lake chini ya kitanda, mahali ambapo mimi mwenyewe nililiweka Jumamosi iliyopita.

Sitasema shetani alinipitia. Nilikaa kwenye kile kigoda chake muda mrefu. Nilifikiri vizuri kabisa.

Nililitia kwenye gunia, nikalificha porini, jioni nikarudisha ufunguo. Alfajiri nikadandia lori la mchele lililokuwa linakwenda Katoro, kwa sababu nilisikia Katoro wapo watu wa dhahabu wanaonunua chochote kinachong'aa. Tulipofika utingo akarusha mizigo chini kabla sijashuka. Nikasikia mlio. Ukingo wa mdomo mpana ulikuwa umejikunja, na kile kijiti cha shaba kinachoshika mabomba mawili kwa chini kilikuwa kimevunjika, kimepotea kwenye matope. Pale sokoni alikuwepo fundi wa kuziba masufuria. Akachukua spoku ya baiskeli, akaikata, akaitia lehemu pale pale. Nilisimama nikimwangalia. Ilikaa vibaya, imepinda kidogo, lehemu imevimba kama kidonda. Ukingo aliugonga ukanyooka. Mwenye baa mmoja akalinunua alitundike ukutani.

Niliporudi nilikuwa na sanduku la bati na godoro. Niliwaambia watu nimepata kibarua cha kubeba mawe machimboni. Niliaminiwa, kwa kuwa nilikuwa najulikana kwa kazi.

Mkutano wa kitongoji uliitishwa baada ya Mzee wa Bendi kurudi. Kwetu mwizi hapelekwi mbali. Watu wanakaa, wanauliza, wanaamua. Mzee wa Bendi alisimama akiwa amevaa koti. Akasema nyumba haikuvunjwa, mlango haukuguswa, na ufunguo alimwachia mtu mmoja. Akanyoosha kidole.

Mwenyekiti akamwuliza Masanja, "Ufunguo ulikaa kwako siku zote? Hukumpa mtu mwingine?"

Nilikuwa nimekaa mbele, na Doto magotini. Masanja alinitazama. Hakunitazama kwa hasira, wala kwa kuniuliza. Alinitazama kama mtu anayesoma kitu akakimaliza. Akasema, "Ufunguo haukutoka mkononi mwangu."

Ningeweza kusimama. Doto hakuwa mzito.

Masanja alitengwa. Wasioijua adhabu hiyo watadhani ni kununiwa. Aliyetengwa hasalimiwi. Hapewi moto wala chumvi. Kisimani watu wanaondoka akifika. Akifiwa, anazika peke yake. Na anayemsalimia naye anatozwa faini. Aliishi hivyo masika mazima, hatua ishirini kutoka kwa Mzee wa Bendi. Siku moja tulikutana kwenye njia nyembamba ya kisimani, yeye na mimi tu. Nikasimama. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Akajisogeza kwenye majani kunipisha, akasema bila kunitazama, "Pita, mwanangu. Watakutoza." Baada ya mavuno akahama kwenda Runzewe, kwa binti yake. Ile picha ya bendi aliondoka nayo. Ya Mzee wa Bendi ilikuwa imeliwa na mchwa miaka ya nyuma.

Mzee wa Bendi hakuwa mtu wa kusamehe, na hilo nalo lazima niliseme. Aliendelea kusimulia hadithi za bendi, lakini alimwondoa Masanja ndani yake. Alipofika mahali pake alisema "yule wa ngoma" na kuruka. Hadithi zikawa fupi na zisizochekesha. Kabula alipokuwa anaondoka kwenda shule, mzee alikuja kumuaga. Akampa kalamu mbili, akaweka mkono juu ya lile sanduku la bati. "Nenda ukasome, mama. Usirudi kukaa huku. Hiki kijiji kina wezi." Nilikuwa nimeshika upande wa pili wa sanduku.

Nilijiambia nitalirudisha. Nikaenda machimboni kweli, nikashuka mashimoni, nikapata kidogo nikala, na nilipofika Katoro kumtafuta mwenye baa, alikuwa ameshauza kila kitu na kuondoka. Nikajifunza ufundi wa pikipiki, nikabaki Katoro. Mapacha wakakua. Kabula akawa muuguzi. Mzee wa Bendi alipozidiwa na umri binti yake akamleta Geita, na mimi ndiye niliyembebea mizigo. Kila nilipokwenda mjini nilimpitia. "Wewe ni mtoto mwema," aliniambia, na mimi nikakubali kuambiwa. Ikapita miaka kumi na minane.

Halafu ikaja ile harusi Kalangalala. Matarumbeta ya kanisa yalikuwa yanamsindikiza bibi harusi barabarani, na Mzee wa Bendi alikuwa amekaa nje na binti yake. Akasimama. Binti anasema alidhani baba anaanguka. Akatembea mpaka katikati ya wapigaji, akamgusa begani mmoja wao, akamwambia, "Huyo uliyemshika ni wangu."

Mwalimu Elia ni mtu mpole. Hakumfukuza. Alisema tarumbeta hilo kanisa lililinunua kwa halali, lakini mzee akionyesha kithibitisho watazungumza. Kithibitisho kilikuwa kimoja tu duniani, ile picha. Mzee wa Bendi alikataa kumwomba Masanja. Kabula ndiye aliyempigia simu muuguzi mwenzake wa Runzewe, na picha ikaja siku ya tatu.

Ndivyo tulivyokutana sita. Kwenye picha kuna vijana wanne wamesimama kwenye ngazi za ukumbi, mashati meupe. Masanja amecheka. Mzee wa Bendi, mwembamba kuliko wote, ameliegemeza tarumbeta begani, limegeuka chini juu. Salumu aliipiga picha kwa simu akaikuza. Mama Shija akaangua kicheko: "Kumbe ulikuwa kijana mzuri hivi! Ulikuwa wapi mimi nahangaika kutafuta mume?"

"Nilikuwa napiga, mama. Hukuja."

Wakaanza kulinganisha. Kwenye picha kishikio cha kidole kidogo kimekatika, kimefungwa waya. Mwalimu Elia akaonyesha: hapa ni kishikio kizima. Mzee akasema kwenye ukingo kulikuwa na alama kama ya jino, alikuwa ameliangusha mwenyewe Tabora. Mwalimu akapitisha kidole kwenye ukingo, laini kabisa. Salumu akakuza majani yaliyochorwa kwenye mdomo mpana, akahesabu, yakalingana. Mwalimu Elia akatikisa kichwa kwa huzuni. "Mzee, majani haya yapo kwenye matarumbeta yote ya kiwanda kile. Nimeyaona mengine mawili. Nikisema ni lako kwa majani, wazee wa kanisa wataniuliza na mengine."

Mzee wa Bendi aliweka picha magotini. "Basi, mwalimu. Pengine ni masikio yangu tu yamezeeka." Akajaribu kutabasamu. Sikuwahi kumsikia akikubali kwamba masikio yake yamekosea kitu.

Hapo nikasema. Sikupanga. Nilitaka tu apewe tarumbeta lake. "Mwalimu, ligeuze. Mimi nilikuwa naling'arisha kila Jumamosi. Chini pale, kati ya mabomba mawili, kuna spoku ya baiskeli. Imepinda kidogo, lehemu imevimba."

Mwalimu Elia akaligeuza. Kabula akapiga makofi. Mama Shija akapiga kigelegele, na Mwalimu mwenyewe akacheka, akasema, "Haya sasa! Hili hawezi kulijua mtu asiyelishika."

Salumu peke yake hakucheka. Alikuwa bado anakuza picha kwenye simu. "Lakini mbona hapa," akasema, "hapa chini kuna kijiti kizima cha shaba? Kimenyooka. Hakuna spoku hapa."

Nilimtazama Mzee wa Bendi. Alikuwa ameinua picha karibu na macho. Akaitazama. Akaliangalia tarumbeta mikononi mwa Mwalimu. Kisha akaniangalia mimi, kwa muda ule ule ambao Masanja aliniangalia, siyo zaidi.

"Picha ya zamani hiyo," akamwambia Salumu. "Spoku ilikuja baadaye. Niliiweka mimi."

Nilikunywa chai pamoja nao. Nilikula andazi. Kabula alinishika mkono akasema, "Kaka, bila wewe leo ingekuwaje?"

Sikwenda kumwona wiki mbili. Nilipokwenda, nilimkuta kwa binti yake amekaa nje, jua la saa nne, peke yake. Nikamwamkia. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa." Akanisogezea kiti. "Nani aliweka spoku?"

"Fundi masufuria. Katoro."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Aliiweka vibaya," akasema. "Angeinyoosha kwanza." Nilisikia pumzi yake ikiingia, ndefu. "Ufunguo alikupa Masanja?"

"Alinipa niwalishe kuku."

"Na akasema haukutoka mkononi mwake." Akarudia mara mbili, polepole, kama anahesabu mapigo. Nikapiga magoti, nikaanza kusema habari za Kabula, na sare, na godoro, na mvua. Akanikatiza. "Inuka. Hayo nilijua siku ile ya picha. Sijakuuliza sababu. Mtu aliyemnyooshea Masanja kidole ni mimi. Wewe ulinyamaza. Mimi nilisema."

Tarumbeta hakulichukua. Alimwambia Mwalimu Elia liendelee kupigwa kanisani, kwa kuwa yeye meno ya mbele hana na midomo haishiki. Alichotaka ni kingine. Mtu aliyetengwa hatengui adhabu kwa kwenda mbali. Inatenguliwa pale pale ilipotolewa, mbele ya watu wale wale au watoto wao, aliyekosea asimame aseme, na wote wakae kula sahani moja na aliyetengwa. Alitaka nimfuate Masanja Runzewe, nimweleze, nimwombe, nimpeleke kijijini. Yeye mwenyewe angekuja hata kwa kubebwa.

"Mzee, Kabula atajua."

"Kabula ni mtu mzima. Usimfanye ukuta wa kujifichia."

Basi nikaenda Runzewe. Niliwasha pikipiki ya mteja asubuhi na mapema na nikafika. Nilielekezwa nyumba. Masanja alikuwa kwenye baraza la nyumba ya binti yake, anatia mpini kwenye jembe. Amekuwa mdogo. Nikamsalimia, akaitikia vizuri. Akaniuliza, "Wewe ni wa wapi, baba? Macho yangu hayafiki mbali siku hizi."

Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Nikamwambia natafuta njia ya kwenda Ushirombo.

Akaweka jembe chini. Akatafuta fimbo yake, akatoka, akaniongoza kwa miguu mpaka barabara kubwa, huku nikisukuma pikipiki pembeni yake. Alinionyesha kwa fimbo upande wa kushika. Alisema nisikimbize, kuna malori. Alisimama pale pale mpaka nikapotea.

Mara ya mwisho kumwona Mzee wa Bendi ni Jumapili iliyopita. Sasa halali tena kitandani, amelazwa kwenye godoro sakafuni ili asianguke, na sauti yake imekuwa ndogo, nililazimika kuinama. Binti yake alitoka kutuachia nafasi.

"Umekwenda?"

Nikamwambia yote. Jembe, njia ya Ushirombo, fimbo. Nilidhani atanifukuza.

"Amekupeleka mpaka barabarani? Kwa miguu?"

"Mpaka barabarani."

Machozi yakamtoka kwenye kona za macho yakaingia masikioni, na hakuyafuta. "Tulikuwa tunamaliza kupiga usiku, mimi nimechoka, yeye ndiye anabeba vyombo vyangu na vyake," akasema. Akasema *tulikuwa*. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka kumi na minane kumsikia akimrudisha Masanja kwenye hadithi. Kisha akageuza uso kwangu. "Utarudi lini Runzewe?"

"Jumamosi, mzee."

"Jumamosi ipi?"

Nikasema hii inayokuja. Alinishika kifundo cha mkono akaniangalia, bila kusema kama ameniamini. Leo ni Alhamisi. Pikipiki nimeshaiazima, ipo hapa nje ya karakana, tangi limejaa. Kabula bado sijamwambia.